Guido wa Arezzo, Mwalimu Aliyezipa Noti Majina

Mwanachuo afunguaye kitabu cha nyimbo za kwaya hapa kwetu Afrika Mashariki hukuta, mara nyingi, juu ya maneno ya wimbo, herufi ndogo za d, r, m, f, s, l na t, zimetengwa kwa nukta na vistari. Akizijua, huimba. Asipozijua, humsubiri mwenziwe aanze ndipo naye afuate. Ni wachache waulizao herufi hizo zilitoka wapi. Si ajabu, kwani jambo lililozoeleka halina mwulizaji. Hata hivyo asili yake ni darasani, miaka elfu moja iliyopita, na aliyezianzisha alikuwa mwalimu aliyechoshwa na kazi ya kuwaimbisha vijana wimbo mmoja mara mia bila ya wao kuweza kuuimba wa pili peke yao. Jina lake ni Guido, na huitwa Guido wa Arezzo kwa sababu ya mji alikofundishia.

Guido alizaliwa yapata mwaka 991 au 992. Katika ujana wake aliingia utawa katika monasteri ya Pomposa, karibu na pwani ya bahari ya Adria, kaskazini mwa Italia, si mbali na mji wa Ferrara. Watawa wa hapo walifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile ile ifuatwayo na watawa wa Peramiho na Ndanda kwetu Tanzania. Kanuni hiyo iliwataka wakusanyike kusali mara saba kwa mchana na mara moja usiku, na sala zenyewe ziliimbwa. Zaburi zote 150 zilimalizwa kila juma. Mbali na zaburi, kila sikukuu ilikuwa na nyimbo zake, na mwaka wa kanisa una sikukuu nyingi. Basi kijana aliyeingia utawa alikabiliwa na mamia ya nyimbo za Kilatini, nyingine ndefu na zenye kupindapinda, na zote zilipasa kukaa kichwani.

Zilikaaje kichwani? Kwa njia moja tu: mwalimu aimbe, wanafunzi waitikie, mpaka waikariri. Vitabu vilikuwapo, ila havikumsaidia mgeni. Juu ya maneno waandishi waliweka alama ndogondogo, mfano wa mikia na vitone, zilizoonyesha kwamba hapa sauti hupanda na hapa hushuka. Alama hizo hazikusema hupanda kwa kiasi gani. Ni kama kumwelekeza msafiri kwamba apande kilima kisha ateremke, bila ya kumwambia ni kilima kipi wala ni hatua ngapi. Aliyekwisha kuipita njia hiyo atakumbuka; asiyewahi kuipita atapotea. Kwa hiyo kitabu kilikuwa ukumbusho kwa ajuaye, wala hakikuwa mwalimu kwa asiyejua. Guido mwenyewe aliandika kwamba mtu aliweza kukaa miaka kumi katika mafunzo hayo na bado ujuzi wake ukawa na kasoro.

Kulikuwa na ubaya wa pili, nao ndio uliomchoma zaidi. Maadam kila mwimbaji aliutegemea ukumbusho wa mwalimu wake, na kumbukumbu za walimu hazifanani, wimbo mmoja uliimbwa hivi huku na vile kule, na kila mmoja akaapa kuwa wake ndio sahihi. Guido alilalamika kwamba nyimbo hazikuwa tena za kanisa, zilikuwa za mwalimu fulani na za mwalimu fulani. Ugomvi ulizuka katikati ya ibada yenyewe, mdogo akimpinga mkubwa na mwanafunzi akimpinga mwalimu.

Akiwa na mtawa mwenziwe aitwaye Michael, Guido alianza kuandika upya kitabu cha nyimbo kwa mtindo mpya. Ili tuufahamu mtindo huo, hapana budi kwanza tuyaweke sawa maneno machache, kwa kuwa wengi wetu huyachanganya.

Sauti ya muziki ina kimo, yaani huwa ya juu au ya chini, na ina muda, yaani huwa ndefu au fupi. Kimo si nguvu. Mtoto akiambiwa aimbe juu aghalabu hupiga kelele, na kosa si lake, kwani hajatenganishiwa mambo hayo mawili. Sauti moja iliyopewa kimo chake na alama yake huitwa noti. Noti zikifuatana zikaleta maana sikioni, hiyo ni lahani. Mpangilio wa marefu na mafupi, wenye mkazo na usio na mkazo, ndio mdundo. Sauti mbili au zaidi zikiimbwa kwa pamoja na kukubaliana, huo ni upatanifu. Na noti zikipangwa kwa utaratibu kutoka chini kwenda juu, tunapata ngazi. Jina hili la ngazi ni zuri, ila lina hila moja ndani yake, kwa kuwa ngazi ya muziki haina vidato vilivyo sawa. Kutoka do hadi re ni hatua nzima, na kutoka re hadi mi vivyo hivyo. Lakini kutoka mi hadi fa ni nusu hatua tu. Kati ya ti na do ya juu ni nusu hatua tena. Mwimbaji asiyejua zilipo nusu hatua ni sawa na mtu anayepanda ngazi gizani, naye hujikwaa pale pale kila siku.

Katika wakati wa Guido herufi za A, B, C, D, E, F na G zilikwisha kutumika kuzitaja noti. Wapo pia waliotangulia kujaribu kuchora mistari. Ubora wake haukuwa katika kubuni kila kitu upya. Alichofanya ni kupanga. Alichora mistari kadhaa, akaweka noti juu ya mistari na katika nafasi baina ya mistari, kila mstari na kila nafasi ikawa makao ya noti moja na si nyingine. Noti ikikaa hapa leo, hata kesho sauti yake ni ile ile. Kisha akautia mstari wa F rangi nyekundu na mstari wa C rangi ya manjano. Kwa nini hizo mbili na si nyingine? Kwa sababu chini ya F na chini ya C ndipo zilipo nusu hatua. Rangi ilikuwa onyo: hapa kidato ni kifupi, angalia mguu wako. Pale ambapo rangi haikupatikana, herufi yenyewe iliandikwa mwanzoni mwa mstari, na kutokana na desturi hiyo ya kuandika herufi F, C na baadaye G zimezaliwa alama ziitwazo funguo, tunazozikuta leo mwanzoni mwa mistari ya noti. Mistari minne ndiyo iliyozoeleka katika nyimbo za kanisa, na ule wa tano ulithibiti baadaye.

Mwalimu mtarajiwa na alitazame jambo hili la rangi kwa makini. Guido hakupaka rangi ili ukurasa upendeze. Alipaka mahali ambapo mwanafunzi hukosea. Tunapotengeneza chati zetu kwa kalamu za rangi nne, tukaandika kichwa cha habari kwa nyekundu na mpaka kwa buluu, ni vema tujiulize rangi hizo zinamwonya mtoto juu ya nini.

Matokeo yalikuwa ya kustaajabisha. Guido aliripoti kwamba vijana waliofundishwa kwa njia yake waliimba, kwa muda usiofika mwezi, nyimbo wasizowahi kuzisikia, mara ya kwanza walipoziona. Mafunzo ya miaka kumi aliyaahidi kwa mwaka mmoja, au miwili kwa kuzidi. Yawezekana aliisifu kazi yake kidogo, kama wafanyavyo wagunduzi wote. Lakini walioshuhudia walikubali.

Huko Pomposa, hata hivyo, mafanikio hayo hayakupokewa kwa shangwe. Watawa wenzake walimhusudu, na mkuu wa monasteri akawasikiliza. Katika barua aliyomwandikia Michael baadaye, Guido alijifananisha na fundi wa hadithi ya kale aliyemletea Kaisari wa Roma kioo kisichovunjika, na badala ya tuzo akauawa. Tunaweza kusema kwamba fundi huyu wetu alikuwa na ulimi mkali. Aliandika katika beti za Kilatini kwamba umbali kati ya mwanamuziki na mwimbaji ni mkubwa, kwa kuwa wa kwanza anafahamu na wa pili anatamka tu. Na atendaye asichokifahamu alimhesabu pamoja na wanyama. Maneno kama hayo, yakisemwa na kijana mbele ya wazee walioimba miaka thelathini, hayajengi urafiki. Lakini sidhani ulimi ndio uliokuwa chanzo. Wazee wale walikuwa na hazina moja tu, nayo ni nyimbo walizozibeba kichwani. Na kijana alikuja na karatasi iliyoifanya hazina hiyo kuwa ya kila mtu. Kila mwimbaji aliyejua kusoma mistari alikuwa mwimbaji mmoja zaidi asiyewahitaji. Walimu wapya watakaopelekwa katika shule zenye walimu wakongwe watayaona mambo ya namna hii, nao wayapime kwa haki pande zote mbili.

Karibu na mwaka 1025 Guido aliondoka Pomposa akaenda Arezzo, katika nchi ya Toscana. Askofu wa huko, Tedaldo, alimpokea na kumkabidhi mafunzo ya waimbaji wa kanisa kuu. Kwa agizo la askofu huyo aliandika, yapata mwaka 1026, kitabu kiitwacho Micrologus, maana yake maelezo mafupi. Kina sura 20. Kilinakiliwa kwa mkono mara nyingi sana katika karne zilizofuata, na miongoni mwa vitabu vya muziki vya zama zile ni vichache vilivyosomwa kuliko hicho.

Kitabu hiki kinastahili kutajwa kwa mwalimu wa shule ya msingi kwa mambo matatu.

La kwanza ni kifaa chake cha kufundishia: ubao wenye uzi mmoja, na kigingi kinachosogezwa chini ya uzi. Ukiupiga uzi mzima utapata sauti moja. Ukiusimamisha kigingi katikati, nusu yake itatoa sauti ile ile kwa kimo cha juu, yaani oktava. Theluthi mbili za uzi zitatoa so ikiwa uzi mzima ni do, na robo tatu zitatoa fa. Kifaa hiki kinaweza kutengenezwa kwa kipande cha ubao, waya mwembamba na misumari miwili, na mtoto akaona kwa macho yake kwamba muziki na hesabu za sehemu ni ndugu. Nimesema mtoto aone mwenyewe. Mwalimu akiueleza uzi ubaoni kwa chaki pasipo kuuleta uzi, amefundisha kuchora.

Lakini hapo hapo Guido ana neno la tahadhari ambalo nalipenda kuliko kifaa chenyewe. Katika barua yake kwa Michael alisema kwamba kutafuta kila noti kwa kuupiga uzi na kusikiliza ni njia ya kitoto: yafaa kwa wanaoanza, na ni mbaya mno kwa wanaoendelea. Kwa nini iwe mbaya? Kwa sababu mwanafunzi aliyemwacha mwalimu akashika uzi bado anafuata sauti ya nje. Amebadili bwana tu. Guido aliwaona wanafalsafa wengi wenye maarifa wakiishia hapo. Kifaa kizuri kina siku yake ya kuingia darasani, na kina siku yake ya kutoka.

La pili ni jinsi alivyolinganisha lahani na lugha. Kama vile herufi hufanya silabi, silabi zikafanya maneno, na maneno yakafanya sentensi, ndivyo sauti moja moja zinavyokusanyika kuwa vifungu vidogo, navyo kuwa vikubwa, mpaka mahali pa kuvuta pumzi. Aliye mwalimu wa Kiswahili na wa muziki kwa pamoja, na wengi wetu ndivyo tulivyo, ana daraja tayari la kuvukia kati ya masomo hayo mawili.

La tatu ni mchezo. Guido aliziandika irabu tano chini ya noti, a, e, i, o, u, kisha akazirudia kuelekea juu. Halafu akachukua maneno yoyote na kuipa kila silabi noti iliyo na irabu yake. Lahani ikajitokeza yenyewe. Baadaye aliongeza safu ya pili ya irabu ili mtungaji awe na uhuru wa kuchagua. Kiswahili chetu kina irabu hizo hizo tano, wala hakuna silabi yake yenye irabu isiyo miongoni mwa hizo, kwa hiyo mchezo huu unatufaa kana kwamba ulitungwa kwa ajili yetu. Tuseme a ni do, e ni re, i ni mi, o ni fa na u ni so. Maneno karibu wageni yataleta do mi so, do re mi. Maneno tulime shamba yataleta so mi re, do do. Watoto wa darasa la tatu waweza kutunga lahani ishirini kwa kipindi kimoja kwa njia hii. Nyingine zitakuwa mbaya, nao watasema ni mbaya, na wakiulizwa wangezirekebisha vipi wataanza kubadili noti. Hapo ndipo utungaji unapoanza.

Sifa za Arezzo zilifika Roma. Karibu na mwaka 1028 Papa Yohane XIX, aliyeshika cheo hicho tangu 1024 hadi 1032, alituma wajumbe kumwita Guido. Akaenda pamoja na abati mmoja na mkuu wa makasisi wa Arezzo. Papa alikitazama kitabu chenye mistari, akakipekua, akauliza maswali, wala hakutaka kuinuka mahali pake mpaka amejifunza kuimba mstari mmoja ambao hakuwa ameusikia kamwe. Akafaulu. Yale aliyokuwa akiyasita kuyaamini kwa wengine akayathibitisha katika nafsi yake. Hapakuwa na hotuba juu ya ubora wa njia mpya. Mtu alipewa kitabu, akaonyeshwa kanuni, akaimba.

Guido hakuweza kukaa Roma. Joto la kiangazi katika mji ule wa mabonde yenye maji lilimtia homa, ikakubaliwa kwamba aondoke na kurudi wakati wa baridi kuwafundisha makasisi. Kabla ya kuondoka alimtembelea mkuu wa Pomposa, ambaye naye aliitwa Guido. Mzee huyo alipokiona kitabu alijuta kwa kuwa aliwahi kukubaliana na wapinzani, akamsihi arudi nyumbani. Haya yote tunayajua kutokana na ile barua kwa Michael. Ndani ya barua hiyo, baada ya habari za safari na magonjwa, Guido aliandika jambo lililolifanya jina lake lidumu.

Mistari ilikwisha kusema noti iko wapi. Swali lililobaki lilikuwa hili: mwanafunzi aionapo noti, ataipataje sauti yake moyoni, bila uzi na bila mwalimu? Guido alichukua wimbo wa Kilatini wa kumheshimu Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao kila kifungu chake kinaanza kidato kimoja juu ya kifungu kilichotangulia. Silabi za mwanzo wa vifungu hivyo sita ni ut, re, mi, fa, sol na la. Wanafunzi waliufahamu wimbo huo hadi waweze kuanza kifungu chochote bila kutanguliza kingine. Tangu hapo, walipokutana na noti ngeni, waliuliza tu: hii inafanana na mwanzo wa kifungu kipi? Na kwa kuwa kifungu walikijua, noti nayo waliijua.

Walimu wetu wa mbinu husisitiza kwamba tutoke katika kinachojulikana kuelekea kisichojulikana, na wanachuo huliandika katika madaftari yao kisha hulisahau katika maandalio ya somo. Hapa tunaliona likifanya kazi. Guido hakuwaambia vijana wakariri vimo sita, jambo lililo gumu. Aliwafundisha wimbo, jambo lililo jepesi, na vimo sita vikawa vimo ndani yake. Tena nusu hatua ilikaa mahali pamoja daima, kati ya mi na fa, hata mwimbaji alipozihamisha silabi zote juu au chini.

Mwalimu wa kwetu hana haja ya kuufundisha wimbo ule wa Kilatini. Na azitafute silabi hizo katika maneno ambayo watoto wanayo: Dodoma, redio, mihogo, farasi, soko, Lamu, tikiti, kisha Dodoma tena kwa kimo cha juu. Atunge kwa maneno hayo vifungu vifupi, kila kimoja kikianza noti yake, vya kuchekesha ikiwezekana, kwa sababu cha kuchekesha hakisahauliki. Watoto wakiisha kuvizoea, aseme tu neno soko, nao watoe so.

Kuna kifaa kingine kiitwacho Mkono wa Guido, ambapo kila kiungo cha vidole vya mkono wa kushoto hupewa noti, na mwalimu huonyesha kwa kidole badala ya kusema. Vitabu vya karne ya 12 na baadaye vinauhusisha na jina lake, ingawa katika maandishi yake yaliyobaki haumo. Hilo lisituzuie kuutumia. Mkono ulionyooshwa mlalo, vidole vikiwa vimeachana, una mistari mitano na nafasi nne, wala haumalizi chaki.

Guido alifariki baada ya mwaka 1033. Aliyoyaacha hayakuwa kamili, na si haki kumpa sifa zisizo zake. Alama zake zilionyesha kimo, lakini muda wa noti hazikuuonyesha. Njia iliyo wazi ya kuandika urefu na ufupi wa noti kwa maumbo yake iliwekwa na Franco wa Cologne karibu mwaka 1280. Silabi zake zilikuwa sita. Ya saba, si, iliongezwa mwishoni mwa karne ya 16, na ut ikabadilishwa kuwa do huko Italia katika karne ya 17, kwa kuwa do hufungua kinywa na ut hukifunga. Kisha Uingereza mwalimu mmoja wa kike wa Norwich, Sarah Glover, aliyechapisha mbinu zake mwaka 1835, aliandika silabi kwa herufi zake za kwanza tu, na kwa kuwa sol na si zote huanza kwa s, si ikawa ti. Mchungaji John Curwen, aliyezaliwa 1816 na kufariki 1880, alipewa mwaka 1841 kazi ya kutafuta njia bora ya kuwafundisha uimbaji watoto wa shule za Jumapili. Alikitwaa kitabu cha Glover, akakirekebisha na kukieneza. Baadaye akaongeza ishara za mkono, ambazo zilitumiwa pia Hungaria na wafuasi wa Zoltán Kodály. Katika njia ya Curwen do huhamahama kufuata wimbo, kama silabi za Guido zilivyohama, ilhali Ufaransa na Italia do ni jina la noti moja isiyohama. Mwanachuo akisoma vitabu vya pande hizo mbili bila kulijua hilo, atachanganyikiwa.

Wamisionari waliileta solfa Afrika, kwa kuwa ilichapwa kwa herufi za kawaida na haikuhitaji mashine maalumu ya kuchapia mistari. Faida yake ni kubwa. Hata hivyo si kila muziki wetu unaingia ndani yake. Ngazi ya nyimbo za Wagogo haina vidato vyote vya do re mi, na mwalimu anayewalazimisha watoto wa huko kuzinyoosha nyimbo za babu zao zifuate kinanda anaharibu asichokijua. Wapiga ngoma wengi nao hufundishana mapigo kwa silabi za mdomo ambazo Guido hakuwa nazo, na kwa mdundo hizo ni bora kuliko zake. Kwa hili naona Guido aliwadharau mno wanaojifunza kwa sikio. Sikio likifunzwa vema ni hazina, ila mwenye sikio na asiye na maandishi humtegemea aliyemtangulia.

Mwaka 1897 mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, alitunga wimbo na kuuandika kwa solfa katika daftari lake. Alifariki mwaka 1905. Watu waliouimba wimbo huo kutoka mji hadi mji, wengi wao hawakuwahi kumwona wala kumsikia. Walizisoma zile herufi. Lahani yake ndiyo iliyochukuliwa na Tanganyika kwa wimbo wa taifa mwaka 1961, na wanafunzi wa Tanzania huiimba mpaka leo wakiwa wamesimama mstarini asubuhi.